Mto Uliokauka Haujafa

Kila mwaka, mvua zinapokwisha kuiaga nchi ya kati na baridi ya kipupwe kuanza kuuma alfajiri, vyuo vyetu vikuu hufunga kwa likizo ndefu. Huo ndio wakati wanafunzi wa fani za maji, jiolojia, kilimo, mazingira na mipango wanapotawanyika mikoani kwa mafunzo ya vitendo na kwa utafiti wa kumalizia masomo yao. Wengine hupokewa maofisini, wakapewa meza na rundo la majalada. Wengine hukabidhiwa hojaji ndefu, wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza idadi ya kuku na aina ya paa. Ni wachache mno wanaotumwa kwenda kusimama katikati ya korongo kavu na kuuliza swali lililo jepesi kutamka na zito kujibu: maji yaliyopita hapa wakati wa mvua yamekwenda wapi?

Swali hilo si la kujifurahisha. Katika Mkoa wa Dodoma, na katika sehemu kubwa ya Singida na Shinyanga, mito mingi si ya kudumu. Hutiririka kwa saa chache, siku chache, au majuma machache, kisha hulala. Mgeni akiiona mwezi Agosti hudhani imekufa. Wenyeji wanajua kuwa haikufa, kwa sababu wao hufukua mchanga wake wakapata maji ya kunywa, na mifugo yao ikanywa pia. Lakini kujua kuwa maji yapo ni jambo moja. Kujua ni kiasi gani, yatadumu hadi lini, na nini kiliyaleta, ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo linaloamua kama mama wa kijijini atateka maji Novemba karibu na nyumba yake au atatembea nusu siku na ndoo kichwani.

Wala tusidhani kuwa hali hii ni msiba wetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature ulikadiria kuwa kati ya asilimia 51 na 60 ya urefu wa mito yote duniani huacha kutiririka walau siku moja kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mto unaokatika ndio wa kawaida, na mto usiokatika ndio wa pekee. Hata hivyo, vituo vya kupimia mito viliwekwa, kwa miaka mingi na katika nchi nyingi, kwenye mito mikubwa ya kudumu. Mto wa msimu ulipuuzwa na watu wa vitabu, ilhali ndio unaowalisha watu wa nchi kavu.

ARDHI HUNYWA WAPI?

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mvua hunyesha, udongo hunywa, na maji hushuka chini yakawa ya kisima. Maelezo hayo ni sahihi kwa nchi ya mvua nyingi. Kwa nchi ya kati yanahitaji kurekebishwa.

Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Jua lake lina uwezo wa kukausha maji mengi kuliko hayo mara kadhaa. Kwa hiyo mvua ya kawaida inaponyesha shambani hulowesha udongo wa juu. Mizizi hunywa sehemu yake, jua hunyonya sehemu yake, na kinachobaki cha kushuka chini ni kidogo sana. Penye udongo mzito wa mbuga hali ni ngumu zaidi, kwani mfinyanzi ukilowa hufura na kuziba nyufa zake wenyewe.

Ni pale mvua inapokuwa kubwa, maji yakashindwa kumezwa na mashamba, yakakusanyika mabondeni na kuingia korongoni, ndipo yanapopata mlango wa kushukia. Mlango huo ni mchanga. Mchanga mkavu wa korongo hunywa kwa haraka kuliko udongo wowote ulioko kandokando yake. Maji hupenya, hushuka, hufika kwenye mwamba uliooza na kupasuka chini ya bonde, na humo hujiunga na hazina ya maji ya ardhini. Kwa ufupi, mto wa kudumu hupewa maji na ardhi, lakini mto wa msimu huipa ardhi maji. Huyu wa pili akiitwa korongo tu, kana kwamba ni kovu juu ya nchi, amedhulumiwa. Yeye ndiye mdomo ambao nchi kavu hunywea.

DAFTARI LA MAKUTUPORA

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Tunayo bahati kwamba katika nchi yetu lipo daftari moja la maji ya ardhini ambalo wataalamu wa dunia hulitazama kwa heshima. Nalo ni la visima vya Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, katika bonde linalopitiwa na Kinyasungwe Ndogo, mto wa msimu ambao maji yake huelekea Bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957, na mbele zaidi huingia katika mfumo wa Mto Wami.

Tangu katikati ya miaka ya 1950 kina cha maji katika visima vya bonde hilo kilipimwa na kuandikwa. Serikali zilibadilika, bendera ikabadilika, wizara zikaungana na kutengana, lakini kipimo kiliendelea kushushwa kisimani na tarakimu ikaendelea kuandikwa. Watumishi waliofanya kazi hiyo hawakupewa nishani, na aghalabu hawakujua tarakimu zao zingetumiwa na nani. Mwaka 2013 kundi la watafiti wakiongozwa na Profesa Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha London, wakiwamo wataalamu wa Tanzania, lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hiyo ya miaka 55 katika jarida la Nature Climate Change. Kumbukumbu ndefu kiasi hicho ni adimu sana katika nchi kavu za joto.

Daftari hilo lilisema nini? Lilisema jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulibuni kwa kukaa ofisini. Maji ya ardhini ya Makutupora hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka. Miaka mingi hupita huku kina kikishuka tu. Kisha hutokea msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, na hazina hujaa kwa mkupuo. Katika miaka hiyo 55, misimu saba tu iliyokuwa na mvua nyingi kupita yote ilichangia kiasi cha asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Mkubwa wao ulikuwa msimu wa 1997/98, ule wa El Nino ambao wananchi wanaukumbuka kwa madaraja yaliyobomolewa na njia zilizokatika. Mvua hizo hufungamana na kubadilika kwa joto la bahari, ile ya Pasifiki na hii yetu ya Hindi. Utafiti mwingine wa bonde hilohilo, uliochapishwa mwaka 2021 na kuwashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ulionyesha kuwa njia kuu ya maji hayo kuingia ardhini ni kuvuja kutoka katika vijito vya msimu.

Ndugu msomaji, tafakari maana yake. Methali yetu husema haba na haba hujaza kibaba, nasi twaipenda kwa sababu inafundisha subira. Lakini kibaba cha Makutupora hakijazwi kwa haba na haba. Hujazwa na gharika, kisha hutumiwa kwa miaka. Kwa hiyo msimamizi anayegawa maji kwa kutazama wastani wa mvua hujidanganya, maana wastani huchanganya mwaka wa neema na miaka ya ukata ukaviita vyote sawa. Maji ya bonde lile ni kama ghala la nafaka: mwaka wa mavuno hulijaza, na hekima iko katika kujua ni debe ngapi zimo na ni miaka mingapi itapita kabla ya mavuno mengine.

Na ghala hili lina walaji wengi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Utekelezaji wake ulikwenda polepole kwa muda mrefu, kisha ukashika kasi tangu mwaka 2016. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000 katika jiji hilo. Maji yaliyovutwa Makutupora yalikuwa kiasi cha mita za ujazo laki moja kwa mwezi mwaka 1979. Kufikia mwaka 2010 yalikaribia laki tisa kwa mwezi. Iko mipango ya kuleta maji kutoka mbali, na ni mipango mizuri. Lakini hata bomba likifika kutoka Ziwa Victoria, vijiji vya pembeni vitaendelea kunywa maji yaliyo chini ya miguu yao, na vingi kati ya vijiji hivyo havina daftari hata la ukurasa mmoja.

KIANGAZI NA KAZI YAKE

Hapa ndipo tunapowageukia wanafunzi. Yuko atakayesema kuwa kumpeleka kijana kwenye korongo wakati wa kiangazi ni kumpeleka sokoni baada ya watu kutawanyika. Mto haupo, atapima nini? Jibu ni kwamba kiangazi ndicho kipindi ambacho mto wa msimu huonyesha siri yake. Maji ya mafuriko huficha kila kitu. Yakiondoka, mchanga hubaki wazi, kina cha visima hushuka kwa utaratibu unaoweza kuhesabiwa, na wenyeji huwa korongoni kila siku wakifukua. Miezi miwili yatosha kwa kazi ya maana, endapo mwanafunzi atachagua korongo moja, si kumi, na kulishika barabara.

Kazi ya kwanza ni kutembea. Atembee korongo lote kutoka vilima linakoanzia hadi linakotokea, akifuatana na mzee wa hapo. Penye wazee haliharibiki neno. Mzee atamwonyesha kisima cha mchangani kinachokauka Agosti na kile kisichokauka hata mvua zichelewe hadi Januari. Atamwonyesha mahali ambapo mwamba umekatiza korongo chini kwa chini, ukawa kama ukuta unaozuia maji nyuma yake. Mambo hayo hayamo katika ramani yoyote. Mwanafunzi ayaandike, kila kisima na mahali pake, jina lake na historia yake.

Kazi ya pili ni kupima mchanga. Haihitaji mtambo. Nondo iliyotiwa alama kila sentimita kumi, ikagongwa mchangani kila baada ya hatua kadhaa mpaka igote kwenye mwamba au udongo mgumu, humwambia kina cha mchanga. Kisha achukue ndoo ya mchanga mkavu, amimine maji aliyoyapima mpaka yaonekane juu, atoboe chini na kukusanya yanayochuruzika. Kiasi kilichoingia na kiasi kilichotoka ni viwili tofauti, na tofauti hiyo ni somo: si maji yote yaliyomo mchangani yanayokubali kutoka. Mchanga mnene hutoa mengi. Mchanga mwembamba wenye tope huyang'ang'ania.

Kazi ya tatu ni kupima kina cha maji visimani. Apime alfajiri kabla watu hawajaanza kuteka, kutoka alama ileile iliyopakwa rangi ukingoni, siku ileile ya juma, na kurudia kila juma hadi aondoke. Tarakimu moja haina maana kubwa. Tarakimu nane zikipangwa huonyesha kina kinashuka kwa kasi gani, na kasi hiyo ndiyo inayokadiria mwezi ambao kisima kitakauka.

Kazi ya nne ni kupima chumvi. Kipima chumvi ni chombo kidogo cha kushika mkononi, na vyuo vingi vinacho. Endapo maji ya visima vilivyo karibu na korongo ni matamu, na utamu huo ukapungua kadiri mtu anavyokwenda mbali nalo, huo ni ushahidi kwamba korongo ndilo linalovilisha. Na mahali ambapo hali ni kinyume, napo pana jambo la kuchunguzwa. Kazi ya tano, kwa wenye uwezo, ni kupima kasi ya mchanga na udongo kunywa maji kwa pete za chuma zinazopigiliwa chini na kujazwa maji. Afanye hivyo korongoni, ukingoni na shambani, aone mwenyewe ni wapi ardhi ina kiu na ni wapi imefunga mdomo.

Vipimo hivi vyote ni vya mikono na miguu. Yawezekana kijana aliyezoea kompyuta akaviona duni. Zipo satelaiti zinazopima mabadiliko ya maji ya ardhini kutoka angani, na ni kazi ya ajabu ya akili ya binadamu. Lakini satelaiti hizo huona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Haziwezi kumwambia mwenyekiti wa kijiji kama kisima cha karibu na shule kitafika Desemba. Hapo mwenye jibu ni kijana mwenye kamba, nondo na daftari.

MCHANGA UNAOONDOKA KWA LORI

Iko sababu nyingine inayofanya kazi hii isingoje. Mji unaojengwa hula mchanga. Kila nyumba, kila ofisi, kila barabara ya Dodoma inahitaji mchanga, na mchanga mzuri wa ujenzi ni uleule mzuri wa kuhifadhi maji: mnene, msafi, usio na tope. Malori huingia makorongoni, vijana hupakia kwa sepetu, na jioni shimo limebaki mahali palipokuwa na mchanga.

Tufanye hesabu ya darasani. Chukua korongo lenye urefu wa kilomita moja, upana wa mita 20, na mchanga wa kina cha mita 2. Huo ni mchanga wa mita za ujazo 40,000. Ikiwa robo ya ujazo huo ni nafasi inayoweza kupokea maji na kuyatoa, basi korongo hilo, likishiba, lina lita milioni 10. Watu elfu moja wakiteka lita 20 kila mmoja kwa siku wangeweza kunywa humo siku 500, kama jua na mwamba visingechukua haki yao. Jua huchukua sehemu ya juu kwanza, lakini kadiri maji yanavyoshuka mchangani ndivyo nguvu ya jua inavyopungua, na hiyo ndiyo fadhila ya mchanga juu ya bwawa la wazi. Sasa tazama upande wa pili. Lori la mita za ujazo 7 likiondoka, linaondoka na nafasi ya kuhifadhi lita 1,750 za maji. Si maji ya mwaka huu peke yake, bali ya kila mwaka utakaokuja, mpaka mafuriko yarudishe mchanga mwingine.

Hatusemi kwamba wanaochimba mchanga ni maadui. Ni vijana wetu wanaotafuta riziki, na nyumba zinazojengwa ni zetu. Halmashauri nazo hupata ushuru. Lakini mkutano wa kijiji hauwezi kutenganisha mahali pa kuchota na mahali pa kuacha bila kujua mchanga uko kiasi gani na maji yamelala wapi. Bila kipimo, mabishano huamuliwa na mwenye sauti kubwa au mwenye lori. Kukiwa na kipimo, kijiji husema: hapa nyuma ya mwamba uliokatiza pasiguswe, pale juu ambako mchanga hujirudisha kila mwaka pachotwe kwa mpango. Hapo utafiti wa mwanafunzi huacha kuwa karatasi ya kupatia alama, ukawa ngao ya wananchi.

Yako mafunzo ya jirani na ya nyumbani. Huko Kitui na Machakos, nchini Kenya, wananchi wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege au mawe unaokatizwa korongoni ili mchanga ujae nyuma yake na maji yakae ndani ya mchanga. Walifanya kwa makusudi kile ambacho mwamba hufanya kwa maumbile. Na hapa Dodoma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Uppsala, Sweden, walichapisha mwaka 1972 uchunguzi wa mmomonyoko katika mabonde manne, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakaonyesha jinsi udongo wa vilima ulivyokuwa ukijaza mabwawa. Kumbe ardhi ya juu, korongo na bwawa ni nyumba moja. Kilima kikivuliwa nguo, tope jembamba hushuka, bwawa hujaa, na mchanga wa korongo huzibwa pumzi. Mwanafunzi wa maji asiyepanda kilimani hajaelewa korongo lake.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Lipo tatizo ambalo hapana budi tulikabili. Mwanafunzi huja wakati mto umelala, na mto huamka wakati yeye yuko darasani. Mlango wa ardhi hufunguka kwa siku chache katika Januari au Machi, na siku hizo hazimngoji mtu. Kwa hiyo utafiti wa likizo peke yake ni nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni ya wanakijiji. Kabla hajaondoka, mwanafunzi aache kipima mvua katika shule ya msingi, ubao wenye alama za mita kwenye nguzo ya daraja au juu ya mwamba, na daftari mikononi mwa mwalimu au kijana anayeaminika. Chuo chenye uwezo chaweza kufukia mchangani vipima joto vidogo vinavyojiandikia vyenyewe. Mchanga mkavu huchemka mchana na kupoa usiku, lakini maji yakipita juu yake tofauti hiyo hufifia, na chombo huweka kumbukumbu ya saa mto ulipokuja na saa ulipokatika. Hata pasipo chombo, mtu mwenye saa na kalamu atosha kuandika hayo. Mto uliotiririka siku kumi ardhi imeunywa kwa muda mrefu kuliko ule uliopita kwa saa mbili kwa kishindo. Angalizo ni moja: asomaye ubao asome akiwa ukingoni. Korongo la nchi kavu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, chini ya mbingu nyeupe, na limekwisha kuchukua wengi waliodhani wana nafasi ya kuvuka.

Aidha, mgeni anapokuja mwenyeji apone. Imekuwa desturi mbaya kwamba mtafiti huja, huuliza, hupima, huondoka, na ripoti yake hupata makazi ya kudumu katika kabati la chuo. Kijiji kilichompa maji, kivuli na mzee wa kumwongoza hakipati hata nakala. Mwaka unaofuata huja mwingine na maswali yaleyale, na wananchi hujibu kwa uchovu. Huu ni unyonyaji wa elimu, hata kama anayeutenda hakukusudia. Matokeo ni haki ya kijiji. Yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka, na nakala ibaki kwa mtendaji.

YANAYOTAKIWA

Kwanza, vyuo vinavyofundisha maji, jiolojia na mipango viyagawe makorongo. Kila chuo kiwe na makorongo yake yanayojulikana, na kila kundi la likizo lirudi palepale walipoishia waliotangulia, kwa alama ileile ya rangi ukingoni mwa kisima kilekile. Thamani ya Makutupora haikutokana na werevu wa kipimo kimoja. Ilitokana na kipimo hichohicho kurudiwa kwa miaka 55.

Pili, bodi za maji za mabonde, zilizopewa jukumu la rasilimali hii na Sheria ya mwaka 2009, ziwapokee vijana hao kama askari wa nyongeza. Tarakimu zao zikaguliwe, na zikithibitika ziingizwe katika kumbukumbu za bonde. Kijana akijua kuwa kipimo chake kitatumika atapima kwa uangalifu. Akijua kitatupwa atakibuni akiwa kitandani.

Tatu, halmashauri ziwape usafiri na posho ya kadiri. Ghala lisilohesabiwa hugharimu zaidi: kisima kirefu kinachochimbwa mahali pasipo na maji hula fedha ambazo zingewalisha makundi mengi ya wanafunzi. Nchi hii iliwahi kujiwekea, mwaka 1971, mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kufikia 1991. Lengo lilikuwa tukufu na halikufikiwa. Sababu zake ni nyingi, lakini moja isisahauliwe: mabomba na pampu ni rahisi kuhesabu kuliko maji yatakayopita ndani yake, na tulihesabu kilicho rahisi.

Nne, wanafunzi wenyewe waione kazi hii kuwa ya heshima. Hakuna fahari katika kuandika juu ya bonde ambalo hujawahi kuvua viatu ndani yake. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayomtenga msomi na jamii iliyomlea. Korongo ni mahali pazuri pa kuanzia kuuziba mwanya huo, kwa maana ndani yake msomi na mfugaji hufukua mchanga mmoja wakitafuta kitu kimoja.

Siku iliyopita bila kupimwa hairudi. Mtafiti aweza kurudia jaribio la maabara mara mia, lakini hawezi kurudia kina cha kisima cha Julai iliyopita. Mvua kubwa itakayoijaza tena ardhi ya kati itakuja. Yaweza kuja msimu ujao, yaweza kuchelewa miaka kumi. Ikija na kuwakuta watu wana kumbukumbu ya miaka iliyotangulia, watajua ni kiasi gani wamepewa na kwa muda gani kitawatosha. Ikija na kuwakuta mikono mitupu, itapita, itazama mchangani, na watabaki wakikisia. Likizo ya kiangazi ni fupi. Kamba, nondo na daftari si ghali. Vijana waende makorongoni.